Watu Wazima wa Darasa la Nne

Shule ya Mlimani, juu ya Akheri
9 Agosti 1954

Shemeji Sifael, tena mtu wa rika langu,

Pokea salamu za baridini. Huku ukungu haujainuka tangu Jumapili, kahawa haikauki, na watoto wanaandika huku wamefumbata vidole. Mengine ni mema.

Nakuandikia kwa sababu tangu wakufanye supavaiza wa shule wewe ndiye sikio letu mjini. Shule mpya ya kati kule bondeni inafunguliwa mwakani, na wazazi wangu wananiuliza kila siku itachukua watoto wangapi. Wana haki ya kuuliza. Mawe ya msingi waliyatoa mtoni kwa mabega yao, msaragambo, kazi ya pamoja, wa kila Jumanne miezi saba, na mama Nalepo, mjane, hakukosa hata Jumanne moja. Mwezi wa kumi na moja nina watoto tisa watakaofanya mtihani wa darasa la nne. Sijawahi kuwa na tisa kama hawa. Naftali wa mama Nalepo anafanya hesabu za kugawanya kichwani, mimi bado natafuta chaki.

Habari nyingine ni kwamba wazee wamefungua kisu. Miaka mitano kilikuwa kimefungwa, na unajua kikifunguliwa mambo huwaje: kila baba anasukuma wanawe wote jandoni, mkubwa na mdogo, maana anayeachwa leo hajui atangoja hadi lini. Naftali ana miaka kumi na miwili, lakini amepita pamoja na kaka yake kwa sababu mbuzi wa sherehe alikuwa mmoja. Katika tisa wangu wamepita wanane, wamepona, wamerudi darasani wakitembea kama wazee wa baraza. Aliyebaki ni Elisaria wangu. Kichomi kilimlaza wiki ileile. Sasa wenzake wanamwita layoni, mtoto asiyetahiriwa, wanamtuma akachunge ndama. Analia akidhani simwoni.

Na Manase wako? Ana kumi na tano sasa, na sauti imekwisha kuwa nzito. Dada yangu Susana alisema mtamleta mwezi wa sita, nikamtengea mahali nyumbani kwa baba. Sijaona mtu. Rika linapita, shemeji.

Ni mimi,
Mwalimu Aminieli


Arusha mjini
23 Agosti 1954

Mpendwa Aminieli,

Barua yako imefika kwa mkono wa Omari wa lori. Sisi wazima. Susana ana miezi minne kabla ya kujifungua na ananituma ndizi za kwenu usiku na mchana, kana kwamba huku hakuna soko.

Kuhusu nafasi, bado hawajatuambia idadi. Bwana Mkaguzi ni Mzungu mgeni, ametoka pwani, mambo ya mlimani hayajui, kwa hiyo kila kitu ananiuliza mimi. Usiwe na wasiwasi. Mtu wenu yupo ndani.

Manase nitampeleka hospitali ya hapa mjini wakati ukifika. Hakuna haraka. Mtoto wa supavaiza akiozeshwa kidonda kwa majani watu watanicheka.

Neno moja. Niandikie majina ya wavulana wako wa darasa la nne waliokwisha pita tohara. Nataka nijue kama kuna ambao bado ni wagonjwa, ili siku ya mtihani tuwafikirie. Usichelewe.

Wako,
Sifael


Shule ya Mlimani
1 Septemba 1954

Shemeji,

Mungu akuzidishie. Ni supavaiza gani mwingine angekumbuka vidonda vya watoto? Nimewasomea wazazi barua yako baada ya ibada, wakafurahi. Mzee Sadoki, unamjua ulimi wake, alisema, “Basi ile shule tuliyomjengea Mzungu ina mlinzi Mmeru.”

Majina manane nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, kila mmoja na jina la baba yake. Wote wamepona kabisa, lakini wema hauozi.

Aminieli


Shule ya Mlimani
14 Desemba 1954

Shemeji Sifael,

Hii si barua ya salamu.

Matokeo yamekuja. Watoto wangu tisa wamefaulu wote tisa. Naftali amepata arobaini na tisa katika hamsini ya hesabu. Hiyo moja iliyokosekana nimeitafuta, na kwa maoni yangu msahihishaji ndiye aliyekosea. Sasa sikiliza kilichoandikwa chini yake. Aliyeitwa shule ya kati ni mmoja. Wanane wengine: “Umri umezidi. Ni watu wazima.”

Na huyo mmoja aliyeitwa ni Elisaria. Mwanangu. Mwenye thelathini na moja katika hesabu, wa saba kati ya tisa.

Unaona nilipowekwa? Jana jioni wazazi walijaa uani. Sikuwakaribisha, walikuja. Mama Nalepo alimshika tu Naftali mbele yangu, kama mtu anayerudisha chombo kilichovunjika dukani. Sadoki ndiye aliyesema.

“Mwalimu, una nyota wewe. Mwanao aliugua siku nzuri.”

Nikamwambia, “Mzee Sadoki, ulimwona mtoto. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati.”

“Nilimwona. Nauliza tu, kichomi hicho ulikinunua duka gani? Mwakani na sisi tukanunue.”

Watu wakacheka. Miaka kumi na mmoja nimefundisha hapa, watoto wao nimewapa kalamu kwa kahawa yangu mwenyewe, na jana nilisimama uani kwangu kama mwizi wa mbuzi.

Hili ni kosa la ofisi, na makosa husahihishwa. Mchungaji ameandika vyeti vya wote wanane. Mkubwa wao ana miaka kumi na minne, wawili wana kumi na miwili. Vyeti nimempa Omari avikabidhi mkononi mwako. Mwonyeshe Bwana Mkaguzi, mweleze maana ya tohara kwetu, kwamba kisu hakiulizi miaka. Wewe unajua. Hakuna mwingine ofisini humo anayejua.

Nangoja.

Aminieli


Arusha mjini
20 Desemba 1954

Mpendwa Aminieli,

Nimesikitika kuliko unavyodhani. Amri imetoka juu. Nimesema mpaka sauti imekauka, lakini Wazungu wakishaandika kitu hawakifuti. Vyeti vya mchungaji nimevifikisha mezani, havikusaidia.

Waambie wazazi wavumilie. Serikali inaweza kufungua darasa lingine baada ya miaka miwili mitatu. Na wewe usijitese kwa maneno ya Sadoki. Furahi kwa ajili ya Elisaria! Mnunulie sanduku la bati, blanketi moja na kaptula mbili za kaki. Shule imesogezwa hadi tarehe 21 Februari kwa sababu mabati ya bweni hayajafika.

Krismasi njema. Susana amejifungua salama, mtoto wa kike.

Sifael


Arusha mjini
3 Januari 1955

Kaka Aminieli, shikamoo.

Nimepata nafuu, sasa naweza kukaa kitako na kuandika. Mtoto tumempa jina la mama yetu, Elizabeth. Ana nywele hizo kama brashi ya viatu.

Kaka, moyo wangu umejaa. Manase ameitwa shule ya kati, na baba yake anasema Elisaria naye yumo! Watalala bweni moja, watoto wa ndugu, vitanda viwili kandokando. Nimeanza kuwashonea mifuko ya mito, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu.

Na kumbe mume wangu alikuwa na akili. Mwezi wa sita nilinuna sana alipokataa tumlete Manase nyumbani kwa tohara. Nilimwambia, mtoto ana ndevu za kuhesabika, utamwaibisha. Akaniambia, “Ngoja. Mwaka huu layoni atakuwa na thamani kuliko mwanamume.” Nilidhani ni utani wake. Sasa nasikia waliopita wote wamekataliwa! Nawe ulimzuia Elisaria, ila hukuniambia. Nyie wanaume mnajua kuficha mambo.

Wasalimie wote, hasa mama Nalepo. Mwanawe amepata shule gani?

Mdogo wako,
Susana


Shule ya Mlimani
11 Januari 1955

Sifael,

Nilipata barua ya Susana siku ya Alhamisi. Niliisoma, nikaikunja, nikajiambia mwanamke aliyetoka uzazini huchanganya miezi. Sikutaka kuamini. Nikangoja nione kwa macho.

Jana Bwana Mkaguzi alikuja kuhesabu madawati. Unajua, maana ulitakiwa kuja naye ukasema unaumwa jino. Nikamwonyesha madawati, kisha nikawaita wanane wakasimama mbele yake. Nikamwambia, “Bwana, tafadhali watazame. Hawa ndio watu wazima.” Akatabasamu, akanishika bega. Si mtu mkali. Aliniambia kwa Kiswahili chake:

“Mwalimu, mimi nasikia huruma. Lakini supavaiza wangu ni mtu ya hapa, yeye najua desturi. Tangu mwezi ya tano yeye nasema, mtu ya Meru, ukikatwa, wewe si mtoto. Hiyo shauri mzuri sana! Bila hiyo, mimi nachagua namna gani?”

Nikamuuliza vyeti vya mchungaji. “Ah, hiyo supavaiza nasema hapana. Mchungaji nakumbuka siku ya maji tu, siku ya kuzaliwa hapana kumbuka.”

Uliziba kila tundu kabla sijafika, na uliweza kwa sababu matundu yote ulikuwa unayajua wewe peke yako. Mzungu asingeyaona hata angekaa hapa miaka mia.

Mwezi wa tano ulitoa shauri. Mwezi wa sita ukamzuia Manase. Mwezi wa nane ukaniomba majina, nami nikakuandikia kwa mkono wangu, nikakuombea na baraka juu yake, nikawasomea wazazi kanisani. Wanane wale niliwakamata mimi nikakuletea wamefungwa miguu.

Sasa tuhesabu, maana hicho ndicho ninachokijua. Hesabu sikuifundishwa na mtu, niliipata kwa kuhesabu madebe ya kahawa katika shamba la Mzungu nikiwa na umri wa hawa watoto. Mwaka huu waliofaulu darasa la nne katika shule zote za mlimani ni mia na kumi na wanane. Nafasi ni arobaini. Sabini na wanane lazima wabaki, hata Malaika Gabrieli angekuwa supavaiza. Hilo sikulaumu. Anayejenga mlango mmoja kwa watu mia, kisha akauita elimu ya watu wote, huyo atajibu kwa Mungu wake. Lakini kama lazima wabaki, kulikuwa na njia ya wazi: alama. Wenye alama za juu waingie, wa chini wabaki. Mzazi aliyebeba jiwe angekubali mwanawe ashindwe na mtoto wa mwenzake. Hilo ni shindano. Hili lako ni nini? Kwa alama Manase angeingia? Niambie alama zake.

Na fikiri umeanzisha nini. Mwakani kila baba mwenye akili atamficha mwanawe asipite jandoni. Boma moja litakuwa na vijana wa namna mbili: huyu ni mwanamume kwao lakini serikali haimtaki, yule serikali inamtaka lakini kwao hata mkuki hapewi. Shule tulisema itatuunganisha na dunia. Imeanza kwa kututenganisha na ndugu. Na siku Wazungu watakapoondoka, maana wataondoka, watakaoachiwa ofisi ni wale waliojifunza mapema kwamba njia ya kwenda mbele ni kumweleza mkubwa siri za nyumbani kwao.

Wewe na mimi tulipita siku moja. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi na mitatu. Mama yangu alituosha vidonda katika chumba kimoja kwa sababu mama yako alikuwa mgonjwa. Mwezi uliofuata wewe uliingia darasa la tano ukitembea upande upande. Hakuna aliyekuambia kwamba wewe ni mtu mzima.

Nasubiri useme.

Aminieli


Arusha mjini
17 Januari 1955

Aminieli,

Unapenda hesabu, basi kamilisha hesabu. Bwana Mkaguzi alikuja na shauri lake: shule zote zenye paa la nyasi na mwalimu mmoja asiye na cheti cha ualimu zisilete mtoto hata mmoja. Paa la nyasi ni lako. Mwalimu asiye na cheti ni wewe. Shule za namna hiyo ni sita. Ilibidi nimpe kipimo kingine, cha haraka, ambacho angekipenda. Nilimpa. Shule sita zimebaki kwenye orodha. Wewe unahesabu watoto tisa, mimi nahesabu mlima mzima.

Ndiyo, Manase. Nilijua, nikamzuia. Baba gani angejua asimzuie? Ungekuwa wewe ndiye unayekaa kwenye kiti hiki, umesikia kinachokuja, ungempeleka Elisaria kwenye kisu kwa ajili ya haki? Unasema hivyo kwa sababu hukujua. Umaskini wa habari si utakatifu.

Na tuache maneno makubwa ya siku Wazungu watakapoondoka. Mimi nina watoto wanne na kazi ambayo naweza kuipoteza kwa neno moja. Wewe ukikasirika unaandika barua, kisha unaingia shambani kwako. Mimi nikikasirika naingia wapi?

Mwisho. Unasema mlango ni wa wizi. Mwanao ameingia kwa mlango huohuo, na blanketi umekwisha kumnunulia, Omari ameniambia. Kama mlango ni mbaya, mbona hujamtoa?

Sifael


Shule ya Mlimani
23 Januari 1955

Sifael,

Habari ya nyasi na cheti naiamini. Inanuka ukweli. Kama ungeniandikia mwezi wa tano, wazazi hawa waliobeba mawe wangekata pesa za mabati kwenye mavuno ya kahawa ya mwaka uleule, paa lingekuwa juu kufika mwezi wa tisa. Hukutuuliza. Uliona ni rahisi kututoa kuliko kutuambia.

Swali lako la mwisho ni zuri. Nililiweka mezani siku tatu. Sikupata ujasiri wa kumwambia mtoto. Elisaria ndiye aliyekuja. Alisema, “Baba, wazee wanafunga kisu mwisho wa mwezi. Nikienda shule hivi nilivyo, nikirudi likizo nitakaa na nani?” Nikamweleza kwamba akipita amepoteza nafasi. Akasema anajua, hata ndama wanajua.

Mama yake alilia. Alinitupia maneno: “Wanane wamefungiwa, wewe unataka wawe tisa ndipo ulale vizuri?” Nilimwambia tu kwamba mtoto mmoja akiwa ndani, wanane hawana mwalimu tena, maana hakuna mzazi atakayeniamini. Na mwalimu asiyeaminiwa anafundisha kuta.

Elisaria amepita jana. Hakutikisika.

Andika jina lake pamoja na wengine: mtu mzima. Na tarehe 21 Februari shule itakapofunguliwa, tutashuka wote tisa na wazazi wao. Ulituambia kwa karatasi. Sasa tutasimama langoni utuambie kwa mdomo, mbele ya watoto, kwamba hawa si watoto.

Aminieli


Shule ya Mlimani
27 Februari 1955

Mdogo wangu Susana,

Nimepata ujumbe wako kwa Omari kwamba nije nyumbani kwenu tule pamoja na mumeo, yaishe. Najua hukuwa langoni siku ile, na sijui umeambiwa nini. Kwa hiyo nakuandikia nilivyoona, kisha utaelewa kwa nini siji.

Tulifika saa mbili asubuhi, watoto tisa, wazazi kumi na wanne. Umande umetulowesha hadi magotini. Nilidhani tutakuta lango limefungwa, lakini Bwana Mkaguzi mwenyewe alikuwa pale na kofia yake, na Sifael pembeni yake ameshika karatasi. Watoto walioitwa walikuwa wamekwisha panga mstari ndani ya ua, wamevaa kaki.

Nilimwambia Bwana, “Watu wako wazima wamefika.” Nikarudi nyuma. Nilitaka Sifael aseme. Hakusema. Alikuwa anatazama karatasi kama mtu anayesoma, lakini Susana, ile karatasi ilikuwa tupu upande wake.

Bwana aliwatazama watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa Naftali akaanza kucheka, si kwa ubaya. “Hii ndiyo mzee? Hii mzee?” Akamgeukia mumeo wakasemezana Kiingereza. Wazazi wakaanza kunong’ona. Mimi mwenyewe, nikiri, moyo ulipanda. Nikafikiri ameona. Akiona kwa macho yake, basi.

Kumbe ameona kipimo kingine. Vitanda vitatu vilikuwa havina watu, kwa sababu wale wa Ngaramtoni walikuwa hawajafika. Akaokota ufito wa mwezeko, akauweka kwenye nguzo ya lango, usawa wa kifua chake. “Mtoto napita chini ya fito, naingia. Kichwa nagusa, hapana.” Na ufito akampa Sifael aushike.

Ndiyo. Mumeo ndiye aliyeushika.

Watoto walipita mmoja mmoja kama mbuzi wanaohesabiwa mnadani. Wa kwanza akagusa. Wa pili akapita chini. Mtoto wa Sadoki, mfupi kama kisiki, akapita chini. Kitanda kimoja bado kilikuwa kitupu. Naftali akaja. Alikuwa amejinyoosha vizuri, maana nimewafundisha mbele ya mkubwa wasimame wima. Nywele zake ziligusa ufito. Nywele tu, na kichwa upana wa kidole kimoja.

Mama Nalepo akapiga kelele, “Bwana, mpime akili! Urefu ni wa baba yake!”

Sikumtazama mtoto. Nilitazama mikono ya Sifael. Kidole kimoja, Susana. Hakuna mtu aliyekuwa ameweka alama kwenye nguzo. Angeinua kidole kimoja, hata Bwana asingejua, hata Mungu angesema mkono ulichoka. Hakuinua. Alisema, “Hapana, huyu anagusa.” Ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema siku ile.

Mmoja wa nyuma yake akapita chini, akachukua kitanda cha tatu. Elisaria alikuja wa mwisho. Ni mrefu kama mimi, hakuhitaji kupimwa.

Na ndani ya ua, mstari wa mbele, alisimama Manase wako. Mwanao ni mtoto mzuri, alinisalimu kwa macho na machozi yakamjaa. Simlaumu. Lakini ule ufito ungemfika kwenye matiti.

Kwa hiyo hesabu imekaa hivi: nilitoa mmoja, wakaingia watatu. Bwana Mkaguzi amefurahi, amesema mwakani atatumia ufito kwa shule zote, ni shauri mzuri kuliko lile la kwanza. Wazazi hawakuniambia asante wala hawakunitukana. Tulipandisha mlima. Njiani Sadoki, ambaye wake ameingia, alimtua Elisaria sanduku la bati kichwani, akalibeba yeye hadi nyumbani kwangu, akaliweka mlangoni, akaenda zake.

Waliobaki ni sita. Nimeanza nao darasa la tano, mchana, baada ya wadogo kuondoka. Mchungaji ametupa upande mmoja wa kanisa. Kitabu cha hesabu ni kimoja, nilichonacho, na ukurasa wa mwisho nitakaoufahamu mimi mwenyewe tutaufika kama mwezi wa saba. Baada ya hapo sijui. Naftali amesema tutausoma pamoja, yeye na mimi, atakayeelewa kwanza amfundishe mwenzake. Nadhani najua atakuwa nani.

Hatuna ruhusa ya kufundisha darasa hilo. Najua sheria. Habari zitafika mjini, kama hazijafika, na atakayetumwa kuja kulifunga ni supavaiza wa shule.

Mwambie mumeo hivi. Kwetu mtu wa rika lako hapigi hodi nyumbani kwako. Anasukuma mlango, anakaa, anakula kilichopo, na kama hakipo anauliza kwa nini. Ndivyo Sifael alivyoingia kwangu miaka yote hii, hata siku alipokuja kukuposa.

Akija safari hii, apige hodi. Akiisha piga, asimame nje, angoje nimalize somo.

Mbusu Elizabeth.

Kaka yako,
Aminieli